Kipima Moyo Kinachovaliwa Nyumbani
Mazungumzo na walaji wa Njombe na Makambako



Juma lililopita nilizungumza haya mjini Njombe. Leo nayarudia hapa Makambako, nikiongeza machache niliyoulizwa kule ambayo sikuyajibu vizuri papo hapo. Nimeombwa nieleze habari za kifaa kidogo, ukubwa wake hauzidi simu ya kawaida na vingine ni vidogo zaidi, ambacho mgonjwa hufungwa kifuani, akarudi nacho nyumbani, akakaa nacho mchana na usiku huku kikiandika kila pigo la moyo wake. Wengi wenu hamjakiona. Wachache mmekwisha kukivaa, na nina hofu kwamba baadhi yenu mlilipia kazi ambayo haikufanyika. Hospitali inaweza kuwa haikuwaibia hata kidogo. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia namna ya kukitumia.

Nianze na mama yangu mkubwa. Anaishi si mbali na hapa, analima mahindi na viazi, na umri wake umepita miaka 60. Kwa muda mrefu alikuwa akilalamika kwamba moyo wake unaruka kama chura. Unatulia siku tatu nne, kisha siku moja, akiwa anapandisha kilima na ndoo ya mahindi kichwani kwenda mashineni, unaanza kukimbia ovyo, pumzi inakatika, macho yanaingia kiza. Akifika hospitali, moyo umekwisha kutulia. Alilazwa kitandani mara tatu, akapimwa umeme wa moyo, na mara zote tatu karatasi ilitoka safi. Majirani wakasema ni mawazo. Watoto wake wakasema ni uzee. Yeye mwenyewe akaanza kuona haya kulitaja jambo hilo.

Hatimaye, katika hospital moja ambayo sina haja ya kuitaja, akafungwa kifaa cha saa 24. Maelezo aliyopewa yalikuwa sentensi moja: “Mama, usikiharibu, ni cha gharama kubwa.” Basi mama akaenda nyumbani akaketi. Hakwenda shambani, hakuteka maji, hakupepeta, hakupanda kilima. Aliketi kutwa kama mtu aliyepakata mayai. Moyo wake nao ukaketi. Majibu yalipotoka akaambiwa hana tatizo, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa.

Nitarudi kwake baadaye. Kwanza tukijue kifaa chenyewe.

Moyo hupiga kwa nguvu ya umeme mdogo sana unaozaliwa ndani yake wenyewe. Vibandiko vinavyowekwa kifuani huunasa umeme huo kupitia ngozi, na nyaya huupeleka kwenye kifaa, ambacho huuandika. Hakuna umeme unaotoka kwenye kifaa kuingia mwilini. Hakipigi shoti wala hakiunguzi. Hakirekodi mazungumzo yenu ya nyumbani pia, jambo ambalo mzee mmoja wa Njombe aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa. Karatasi ya kawaida ya umeme wa moyo huonyesha takriban sekunde 10, yaani mapigo kumi na kitu. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 100,000 kwa siku moja. Kumtafuta chura wa mama mkubwa katika mapigo kumi na mawili ni sawa na kuchungulia njiani kwa kupepesa jicho mara moja, kisha ukaapa kwamba hakuna gari lililopita leo.

Aliyeliona jambo hilo mapema ni Mmarekani Norman Holter, wa mji wa Helena katika jimbo la Montana. Mwaka 1947 alitengeneza chombo cha kubebwa mgongoni chenye uzito wa takriban kilo 38, ili moyo upimwe mtu akiwa katika shughuli zake. Kwa sababu hiyo mpaka leo wataalamu wengi huita kipimo hiki Holter, na mkiandikiwa neno hilo kwenye karatasi ya daktari, ndicho kifaa ninachokizungumzia. Zingatieni alichokitaka mtu yule. Alikuwa tayari kumbebesha mwenzake mzigo wa kilo 38 ili moyo uonekane mtu akiwa anatembea na kufanya kazi. Mama mkubwa alipewa kifaa chepesi, akaagizwa kwa namna fulani akae kitako.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ukivaa kifaa hiki ishi siku yako ya kawaida. Ukiwa mkulima, nenda shambani. Ukiwa mfanyabiashara wa soko, nenda sokoni. Kama moyo huruka ukipanda kilima na ndoo, muulize daktari kama unaruhusiwa kupanda kilima kile, naye akikuruhusu, upande. Iwapo daktari amekukataza kazi nzito kwa sababu maalumu, mtii yeye, usinitii mimi. Lakini mtu asijikataze mwenyewe kwa kuogopa kuvunja chombo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, nalo ni daftari. Pamoja na kifaa utapewa karatasi au kijitabu cha kuandika ulichofanya na ulichohisi. Usipopewa, nunua daftari la shule. Kifaa kinajua moyo ulipiga vipi, lakini hakijui ulikuwa unafanya nini wala ulijisikiaje. Daktari huweka viwili hivyo bega kwa bega. Akiona moyo ulikimbia wakati ule ule uliosema kifua kilikuwa chepesi, amepata ushahidi. Ukisema kifua kilikuwa chepesi na moyo ulikuwa ukipiga sawasawa, huo pia ni ushahidi, kwamba chanzo kitafutwe kwingine. Bila daftari anabaki na mistari mirefu isiyo na masimulizi.

Na hapa kuna mtego ambao vitabu vya maelekezo vilivyoandikwa ng’ambo haviutaji, kwa sababu waandishi wake hawahesabu saa kama sisi. Saa yetu huanza jua likichomoza. Saa ya kifaa huanza usiku wa manane. Ukiandika “saa 2 moyo ulikimbia,” wewe una maana ya saa 2 asubuhi, baada ya chai, ambayo kwa kifaa ni 08:00. Msomaji aliyezoea saa ya kifaa atafungua 02:00, akukute umelala fofofo na moyo umetulia, aandike kwamba malalamiko hayalingani na rekodi. Tofauti ya saa 6 inatosha kukifanya kipimo kizima kiwe bure. Tena kuna saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, na karatasi haiulizi.

Fanyeni hivi. Siku ya kufungwa, mwulizeni mtaalamu: “Niandike saa yetu au saa ya kifaa?” Akijibu, mwombeni aandike jibu lake juu ya karatasi. Kisha kila mara andikeni saa, dakika na sehemu ya siku: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri. Tumieni saa moja tu nyumbani. Ile ya ukutani iliyotangulia dakika 20 ili watoto wawahi shule haifai. Vifaa vingi vina kitufe cha kubonyeza mtu anapohisi jambo. Bonyeza, na bado uandike. Asiyejua kuandika, au asiyeona vizuri, achague mtu mmoja wa kumwandikia na amwambie papo hapo, asingoje jioni kukumbuka.

Andikeni pia dawa mlizokunywa na saa yake, chai au kahawa nzito, ugomvi, habari mbaya, kupanda bodaboda. Kule Njombe mzee mwingine aliuliza kama ulanzi nao uandikwe, hata ukiwa kidogo. Ndiyo, uandikwe, kwa kipimo chake cha kweli. Pombe huweza kuvuruga mpangilio wa mapigo, na daktari hakuulizi ili akushitaki.

Kuhusu ngozi, sisi wa huku juu tuna shida yetu. Baridi ya Juni na Julai hukausha ngozi, na kila mtu hujipaka mafuta tangu usoni hadi miguuni. Kibandiko hakishiki kwenye mafuta. Siku ya kwenda kufungwa oga vizuri kwa sabuni, ukaushe kifua, usikipake mafuta wala losheni wala poda. Mwanamume mwenye nywele nyingi kifuani atanyolewa sehemu chache, asishangae. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke, au awe na ndugu yake wa kike chumbani, na ombi hilo si usumbufu. Mkishafungwa, vaeni nguo ya pamba ndani, kisha sweta juu yake kadiri baridi inavyotaka. Kutetemeka kwa baridi huzalisha umeme wa misuli, nao huingia kwenye rekodi kama kelele redioni. Kuoga kwa maji ya kumwagia kusubiri. Jifuteni kwa kitambaa chenye maji mahali ambapo hakuna vibandiko. Vipo vifaa vya aina ya kibandiko kimoja, visivyo na nyaya, vingine vya kuvaliwa hadi siku 14, ambavyo huruhusu kuoga kwa uangalifu. Ulizeni chenu ni cha aina gani, msifuate masharti ya kifaa cha jirani.

Simu isiwekwe kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa. Wanaofanya kazi karibu na mashine za kuchomelea au mashine kubwa za umeme viwandani wamwambie mtaalamu kabla. Waya ukichomoka, rudisheni mahali pake kama mlivyoonyeshwa, kisha andikeni saa. Kibandiko kikigoma kushika, pigeni simu mlikofungiwa. Msihamishe vibandiko kwa kukisia, kwa kuwa kila kimoja kina mahali pake, na msikivue kifaa usiku kwa sababu kinakera kulalia. Inakera, nakubali. Lakini usiku nao moyo una habari zake.

Jambo jingine nitalisema polepole. Kifaa cha kawaida cha aina hii hakimwiti mtu. Wapo wanaodhani kwamba wakiwa wamekivaa, kuna daktari ameketi mahali anawatazama. Katika vifaa vingi vinavyotumika, hakuna anayetazama chochote mpaka kitakaporudishwa na kufunguliwa. Ukizimia, ukipata maumivu makali ya kifua yasiyoachia, pumzi ikikubana hata umekaa, mdomo ukipinda ghafla, mkono au mguu ukilegea upande mmoja au maneno yakishindwa kutoka, usiseme “tungoje saa 24 zitimie.” Nendeni hospitali saa ile ile, na kifaa kikiwa kifuani.

Tuje kwenye fedha. Hapa ndipo tumezoea kuona haya, kana kwamba kuuliza bei mbele ya koti jeupe ni utovu wa adabu. Mkulima wa viazi wa mkoa huu aliyepata kuumizwa na lumbesa anajua gharama ya kutouliza juu ya kipimo. Basi aulize na hapa. Gharama hii ni ya kufungwa tu, au ni pamoja na kusomewa rekodi na daktari na kuandikiwa majibu? Nani ataisoma, na majibu yatatoka baada ya siku ngapi? Betri ikiisha usiku au rekodi ikitoka tupu bila kosa langu, narudia kwa gharama ya nani? Kuna amana ninayoiacha, na nitarudishiwa lini? Kifaa kikiharibika nikiwa nacho, nawajibika kiasi gani? Mwenye bima aulize mapema kama inalipia kipimo hiki na kama inahitaji kibali kwanza, kwa sababu kibali kinachotafutwa baada ya kipimo ni cha kuhangaikia. Majibu ya maswali hayo yaandikwe, hata kama ni mistari mitano kwa kalamu, na malipo yatolewe risiti halali. Karatasi ya kukodi kifaa ni mkataba. Isomeni kabla ya kutia saini, na mkiona sentensi isemayo kwamba mgonjwa atalipa gharama zote za uharibifu “wa aina yoyote,” simameni hapo muulize.

Swali la mahali nalo ni la fedha. Huduma kubwa za moyo nchini ziko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambayo wataalamu wake hufanya pia safari za mikoani. Lakini kutoka huku hadi Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilomita 700. Anayekwenda kufungwa kifaa huko huhesabu nauli, malazi ya siku mbili tatu, na chakula cha wawili, kwani mgonjwa hasafiri peke yake. Tena akikivaa akiwa amelala kwa ndugu Temeke, kwenye joto, bila kilima wala ndoo, rekodi itakuwa ya siku za Temeke. Kabla ya kupanda basi, muulizeni daktari aliyewaandikia kama kipimo kinapatikana hospitali ya rufaa iliyo karibu zaidi, au kama kuna ziara ya wataalamu inayotarajiwa mkoani. Ikibidi kwenda, mwelezeni daktari wa huko jinsi siku yenu ya nyumbani ilivyo, naye aone kama saa 24 zinatosha.

Wengi mmeniuliza kuhusu saa za mkononi zinazouzwa mitandaoni na vibandani, zinazotangazwa kuwa “zinapima moyo.” Nyingi ya hizo hutumia mwanga: humulika ngozi na kukisia mapigo kutokana na damu inavyopita. Hutoa idadi ya mapigo kwa dakika. Hazioni umeme wa moyo. Hata saa nzuri ya mwanga, ikifungwa kwenye kitu kisicho na uhai, huweza kutoa namba. Zipo chache zilizoongezewa uwezo wa kupima umeme wa moyo kwa sekunde 30 hivi, na hizo huweza kumpa daktari dokezo la maana, ila hazichukui nafasi ya rekodi ya mchana na usiku. Kile kibanio cha kidole nacho hupima oksijeni na idadi ya mapigo, na mashine ya mkono wa juu hupima presha. Kila kimoja kina kazi yake, na muuzaji anayeviita vyote “kipima moyo” ama hajui anachouza, ama anajua.

Vifaa tiba nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mtu akitaka kukuuzia kifaa cha namna hii kwa matumizi ya nyumbani, tafuta jina la mtengenezaji, namba ya toleo na maelezo ya matumizi katika lugha unayoielewa, kisha waulize TMDA kama kimeruhusiwa. Na akikuambia kwamba kikuku chake kinapima moyo na kuutibu pia, ondoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na manufaa ya bidhaa, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Tunzeni risiti, boksi, na ujumbe wa simu mliotumiana na muuzaji. Malalamiko yasiyo na karatasi ni magumu kuyasaidia, hata tukiyaamini.

Rekodi ya moyo wako ni habari zako. Tangu 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na habari za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Una haki ya kuuliza rekodi yako imepelekwa kwa nani, na ya kuomba nakala ya majibu. Iombeni. Miaka mitano baadaye, daktari mwingine akiona kitu, atatamani kujua kama kilikuwapo tangu zamani.

Majibu yakisema hakuna tatizo, yasomeni kwa maana yake halisi: katika saa zile, moyo haukuonyesha tatizo. Kama siku ile hukuhisi lolote, swali lako bado halijajibiwa. Rudi, useme hivyo bila kuona haya, na uulize kama unaweza kuvishwa kwa siku nyingi zaidi.

Mama mkubwa alirudi. Ilichukua miezi, na nauli, na kubembelezwa. Mara ya pili alikwenda na mjukuu wake wa darasa la sita, mwenye daftari na saa ya mkononi, nami niliwaambia juu ya kilima. Daktari aliwaruhusu. Katika daftari lile, ambalo mama amekubali niwaonyeshe, kuna mstari wa penseli usemao: “Saa 4 na dakika 10 asubuhi. Bibi anapanda na ndoo. Anasema chura.” Kwenye kifaa, saa 10:10, vyumba vya juu vya moyo wake viliacha kupiga kwa mpangilio vikawa vinatetemeka tu, kwa dakika nyingi, kisha vikatulia. Hali hiyo huweza kuifanya damu igande ndani ya moyo, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Hatari yake kwa mwenye hali hiyo ni takriban mara 5 ya asiye nayo. Leo anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda na anahudhuria kliniki. Kilima bado anakipanda, ila ndoo anabeba mjukuu.

Daftari hilo liko hapa mezani. Aliyekwisha kuvaa kifaa na ana karatasi ya majibu asiyoielewa asiitoe hapa hadharani. Tutakaa naye chumba cha pembeni, mmoja mmoja, tukianza na wazee waliotoka mbali.